Kisiwa cha Mzee wa Friza

Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ni upi, na kwa miaka yote niliyomjua sikuona haja ya kuuliza. Mtu kama yeye unamjua kwa mlango anaotokea. Wake ulikuwa mlango wa friza, mnene kama godoro, na kila ulipofunguka ulitoa kwanza moshi mweupe, kisha ukamtoa yeye: jaketi lenye kofia ya manyoya yaliyoshikana kwa uchafu, ndevu zenye chembe za barafu, miwani iliyogeuka maziwa. Nje, Jeddah ilikuwa ikichemka kama sufuria ya githeri. Alikuwa akisimama pale kwenye saruji akisubiri miwani ipate akili, halafu anatangaza hali ya hewa.

“Leo kisiwani ni ukungu mtupu. Meli zisitoke.”

Mimi nilikuwa mmoja wa madereva waliosubiri hapo nje kupakiwa samaki wa kupeleka madukani. Shule niliiacha darasa la saba. Sikufukuzwa, ni kutotulia tu, na tangu hapo nimekuwa utingo, mchimba mchanga, muuza mitumba na mlinzi wa kanisa. Mawakala walipoanza kufika hadi sokoni kwetu na habari za Saudia, nilikuwa kwenye foleni kabla hawajamaliza kuongea. Nilianzia Riyadh, dereva wa nyumba kule Al-Malqa, nikipeleka watoto shule na madam kwa dada zake, nikilala chumba cha pembeni mwa geti. Ukuta mrefu, na hakuna wa kuongea naye ila injini. Baba wa nyumba ile hakuwa mtu mbaya. Aliponiona nakonda, alinihamishia kwa shemeji yake wa Jeddah mwenye magari ya baridi, na ndivyo nilivyofika kwenye mlango wa Mzee. Kafili wangu, yaani mwajiri anayenidhamini kisheria, alikuwa mmoja, wake mwingine. Wakati huo hatukuona kwamba tofauti hiyo ni kitu.

Mzee aliniita Upepo. “Huyu hatakaa,” aliwaambia wenzake siku niliyofika. “Mwangalieni miguu. Hata akisimama, inaondoka.”

Friza ile ilikuwa na milango miwili, na kati yake kijichumba kisicho baridi wala joto. Mzee alikiita sebule. Kila mgeni wa kazi alifundishwa sebule kabla ya kufundishwa jina la mudiri, msimamizi wa kampuni. Ukitoka kwenye baridi, unakaa sebuleni hadi masikio yakurudie. Ukiingia, unakaa pia, unafunga kila kifungo, unaangalia glavu kama zina tundu. “Joto linakupigia kelele,” alisema. “Baridi inakunong’oneza. Na wewe umpe mgongo anayepiga kelele, lakini anayenong’ona umtazame mdomo.” Alimshika mkono kijana yeyote aliyetaka kugusa chuma kwa vidole vitupu, akampiga kofi dogo la kiganja, kama mama anayemfukuza mtoto kwenye jiko.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kinyume. Akitoka kwenye friza alikunywa chai inayotoa mvuke, katikati ya joto la Jeddah, na kulalamika kwamba imepoa. Chumbani kambini alikuwa wa kwanza kugombana na wenzake wanaozima AC. Aliwatukana paka wa getini kwa majina yote, kisha ukimfuata nyuma ya ghala unamkuta amechuchumaa akiwagawia vichwa vya samaki kwa zamu, na paka mwenye pupa anaambiwa, “Wewe subiri, wewe si wa kwanza kuzaliwa.” Alihubiri subira kutwa nzima, na simu ikichelewa kuita nyumbani aliipiga-piga pajani kama redio ya zamani.

Binti yake, aliyekuwa chuoni huko nyumbani, alikuwa amemwambia kwamba yeye Mzee anafanya kazi ofisi yenye AC. Hakuwa na haja ya kudanganya sana.

“Baba, hiyo AC yenu si inaumiza kifua?” binti aliuliza siku moja, sauti ikiwa nje kwa spika.

“Wameiweka juu kidogo,” Mzee akajibu, barafu ikimdondoka kidevuni. “Nitaongea nao.”

Sasa kisiwa. Mzee hakuwahi kukiona, na hakudai kukiona, ingawa watu wengi pale waliapa kwamba amewahi kuishi huko. Alikipata kwa Mfilipino wa foklifti, jamaa mfupi mwenye kicheko cha haraka ambaye ujanani alivua samaki kwenye bahari ya juu kabisa ya ramani, ile inayotenganisha Urusi na Amerika. Baadhi ya katoni tulizopakia zilitoka bahari hiyohiyo. Dhoruba ikichafuka huko, meli zao zilikwenda kujificha ubavuni mwa kisiwa kimoja kisicho na watu. Mfilipino alikitazama akiwa juu ya meli siku nyingi, akingoja bahari itulie, bila kukanyaga. Kwa hiyo Mzee alikuwa nacho kwa mkono wa pili, na mimi ninachowaambia ni cha mkono wa tatu, pamoja na nilichochokonoa mwenyewe kwenye simu.

Jina lake ni Kisiwa cha Mtakatifu Mathayo, na jina hilo lilileta vita na Askari wa geti. Huyu alikuwa Mkenya mwenzetu, mtu wa Magharibi, ambaye Ijumaa alituongoza kwenye maombi chumbani mwake, mlango umefungwa na sauti imeshushwa.

“Mathayo sura ya ngapi?” Askari aliuliza.

“Si sura. Ni kisiwa.”

“Mzee, mimi nimemaliza Injili yote ya Mathayo mara nyingi. Hakuna kisiwa. Cha Paulo kipo, alivunjikiwa na meli. Cha Yohana kipo. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, atoe wapi kisiwa?”

“Labda alikipata kwa hongo.”

Askari hakucheka. Ijumaa iliyofuata alihubiri juu ya wanaoongeza maneno kwenye Kitabu, na macho yake hayakutoka kwa Mzee.

Mzee alichora kisiwa chake kwa kidole kwenye jalidi iliyoganda upande wa ndani wa mlango wa sebule. Chembamba, kirefu, kimelala kiubavu kama mtu aliyechoka. Ncha ya kusini aliipandisha kwa kucha: magenge yaliyosimama wima kutoka baharini, yenye ndege wengi hadi mwamba unaonekana unatambaa. Kando yake akachora visiwa vidogo viwili. Katikati, vilima na mabonde ya majani mafupi, yenye maji chini yake, ukikanyaga mguu unazama kama kwenye godoro lililolowa. Hakuna mti. Kuna kitu kinachojiita mti, kinatambaa ardhini na hakifiki kifundo cha mguu. “Upepo umekifundisha adabu,” alisema. Tukiondoa paleti ya mwisho, pumzi zetu zilikuwa zimekwisha kuyeyusha ncha ya kusini, naye alikichora upya kesho yake, wala hakuchoka.

Majira yake tuliyajua kuliko ya Jeddah. Wakati wa joto, ambao huko ni kama Julai ya Limuru bila jiko, ukungu unakaa juu ya kisiwa siku nyingi kuliko jua, na usiku haupati nafasi ya kuwa usiku. Upepo haulali. Baridi ikija, bahari yenyewe inaganda, kisiwa kinashikana na barafu pande zote, na mbweha weupe wanatembea juu ya maji kama Petro. Hapo Askari alikohoa, lakini Petro alikuwa wake na hakuweza kumkataa.

Wanyama wake alituletea mmoja mmoja, kama mtu anayetambulisha jamaa. Kuna kandege keupe, kadogo kama shomoro, kanakotaga hapo na kisiwa jirani, na mahali pengine popote duniani ni nadra kukakuta na kiota. Kuna panya anayeimba: hatari ikija anasimama mlangoni mwa shimo lake na kupiga mluzi, na panya hao ni wa kisiwa hicho na jirani yake tu. Kuna wale wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe mbili zinazoshuka kama ndevu za chuma, wanaopanda ufukweni kulala juu ya wenzao. Zamani kulikuwa na dubu weupe walioteremka na barafu na kukaa majira yote ya joto wakila majani kama ng’ombe, mpaka wawindaji walipofika wakawamaliza.

“Panya anaimba nini?” Askari aliuliza siku moja, akisahau kwamba hapendi habari hizo.

“Anaimba, ‘Geti liko wazi, Askari amelala.’”

Lakini waliopendwa zaidi na moyo wa Mzee walikuwa kulungu. Si kulungu wetu. Ni wale wa kadi za Krismasi, wenye pembe kama matawi, wanaoonekana wakivuta gari la zawadi. Hawakuwa wenyeji wa kisiwa. Wakati wa ile vita kubwa ya dunia, serikali ya Amerika iliweka wanajeshi wachache hapo, wa kuelekeza meli. Ikahofiwa kwamba chakula kinaweza kuchelewa. Basi wakaletwa kulungu kwa meli, kama thelathini, wakaachiwa, kwamba siku ya njaa watapigwa risasi na kuliwa. Vita ikaisha. Wanajeshi wakafungasha, wakapanda meli, wakaenda kwao. Kulungu hawakuwa kwenye hesabu ya safari.

“Wakaachwa?” niliuliza mara ya kwanza.

“Wakaachiwa,” Mzee alinirekebisha. “Kisiwa chote. Hakuna simba, hakuna mbwa mwitu, hakuna bunduki. Na chini kumejaa ile kitu ya kijivu inayoota juu ya mawe, ndevu za mawe, chakula chao cha baridi, imetandazwa kama zulia, haijawahi kuguswa na jino. Wakanenepa. Wakazaana hadi vilima vikabadilika rangi. Hebu fikiria. Umeletwa uliwe, halafu aliyekuleta anaondoka.”

Hapo hadithi iliishia, kwa sababu Mfilipino mwenyewe aliishia hapo. Alikuwa amemaliza mkataba wake, akapata karatasi yake, akaenda Manila na mwisho wa kulungu mfukoni. Mzee hakuona kuna kilichopungua. Kwake hadithi ilikuwa imekamilika: kulungu walishinda.

Mimi siwezi kuacha kitu nusu. Jioni moja, nikiwa kwenye gari nasubiri, nilitafuta kwenye simu. Kulungu walifika maelfu. Ndevu za mawe huota polepole mno, na wao walizila hadi mwamba. Kisha ikaja baridi moja yenye theluji kubwa, na karibu wote wakafa kwa msimu mmoja. Watu waliporudi kutazama, walikuta mifupa imetawanyika kwenye majani, na majike machache yamesimama. Dume lilikuwa moja, nalo halikuwa dume la maana. Hayo machache yakazeeka, yakaisha. Nilizima simu nikaingia sebuleni kumwambia. Alikuwa anachora vilima. Nikamuuliza kama katoni za kamba ziko tayari.

Inabidi sasa niseme habari ya neno.

Anayefanya kazi Saudia haondoki kwa kutaka. Anahitaji huruji, ruhusa ya kutoka, na anayeiomba ni kafili. Huruji ni mbili. Moja ni ya kwenda na kurudi, ya likizo. Nyingine ni ya mwisho, unaondoka halas, na kazi yako imekwisha. Hiyo ya mwisho Waarabu wanaiita nihai.

Binti wa Mzee alikuwa amepata mchumba. Wazee wa upande wa kijana walitaka kuja kubisha hodi na kuanza mazungumzo ya mahari, na kwao mazungumzo hayaanzi kiti cha baba kikiwa kitupu. Kuna ndugu ya Mzee, mdogo wake, ambaye angefurahi sana kukikalia. Hawakuwa na maelewano kwa sababu ya mpaka wa shamba, na Mzee alisema afadhali kiti kikaliwe na kuku. Basi akaomba likizo. Mudiri akakubali. Akatumwa kwa mandubu, kijana wa kampuni anayeshughulikia karatasi za wafanyakazi, ambaye siku hiyo alikuwa na simu mbili masikioni na watu kumi mlangoni.

“Huruji?” mandubu aliuliza bila kuinua kichwa.

“Naam. Huruji.”

“Nihai?”

Mzee alikuwa hajalala siku tatu akihofia kwamba ikama yake, kile kibali cha ukaazi, itaonekana imekufa. Sisi ndivyo tunavyosema: ikama ikiisha muda imekufa, ikiwa na muda ni hai. Akasikia anaulizwa swali la Kiswahili, akafurahi kwamba hata mandubu amejifunza.

“Naam! Ni hai, ni hai! Mpaka mwaka ujao ni hai!”

Mandubu akaandika.

Karatasi ilipotoka, Mzee aliileta ghalani akiiinua juu kama kombe. Mfilipino bado alikuwepo siku hizo. Akaisoma, kicheko chake kikakatika.

“Babu, hii nihai. Wewe finish. Mafi kurudi, hakuna.”

“Mafi kurudi vipi? Nimesema ni hai!”

Tukaelewa wote kwa pamoja, na Mungu atusamehe, tulicheka hadi Askari akaketi chini. Mzee hakucheka. Binti alikuwa bado chuoni, mahari au sio mahari, na ada haikuwa na mlipaji mwingine. Alikimbia kurudi kwa mandubu na lile jaketi mgongoni, akaomba, akashika kidevu chake mwenyewe kama watu wa hapo wanavyofanya wakisihi, mpaka karatasi ikafutwa. Likizo nayo ikafutwa pamoja nayo. Mwakani, akaambiwa. Wazee wa kijana wakakubali kungoja mwaka.

Kuanzia siku hiyo salamu za ghalani zilibadilika. Mtu akimkuta Mzee anafungua mlango hakusema tena habari za asubuhi.

“Mzee, ni hai?”

“Ni hai!” alijibu, na kwa kweli hakuna aliyeweza kusikia tofauti na lile neno la mandubu.

Mwakani haukufika vile ulivyoahidiwa. Kwanza mishahara ilichelewa, kisha mudiri akawa anakuja Jumapili tu, kisha hata Jumapili haji. Mandubu akahamia kampuni nyingine. Siku moja nilifika na gari nikakuta mtambo wa friza hausikiki. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba una sauti hadi siku uliponyamaza. Umeme ulikuwa umekatwa. Mlango mnene umeachwa wazi, na maji yanatoka sebuleni polepole, yanashuka ngazi ya saruji, yanaingia kwenye mchanga na kukauka. Harufu ikaja baada ya siku mbili. Paka wa mtaa mzima walihamia.

Mzee alikuwa ameketi juu ya paleti, jaketi likiwa magotini.

“Kiangazi kimeingia kisiwani,” akasema. Nikangoja aseme kitu kingine cha kuchekesha. Akalikunja jaketi, mkono juu ya mkono.

Sikufanya lolote la maana, si kwa kutotaka. Nilimpeleka kwa gari kwenye ofisi moja, tukatumwa ya pili, na ya pili ikatuambia wa kutia sahihi ni kafili. Kafili simu yake haipatikani. Tulikwenda kwake tukakuta mlinzi Mbangladeshi ambaye naye alikuwa anamtafuta. Bukra, tuliambiwa kila mahali. Kesho. Mzee alijifunza kulijibu neno hilo kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayepokea rambirambi. Askari alimshauri ajisalimishe polisi wamrudishe kwao kwa nguvu. Akajaribu. Wakamwambia kampuni ina kesi, na majina ya wafanyakazi yamefungwa pamoja na kesi mpaka itakapoisha. Ikama yake ilikuwa imekufa zamani.

“Nilikuwa na mlango mkononi,” aliniambia siku tuliyotoka huko, “nikaurudisha kwa mwenyewe na kumshukuru.”

Kampuni ya shemeji wa baba wa Al-Malqa iliuza magari. Baba yule, kwa wema uleule, akanitafutia kazi Riyadh, basi la watoto wa shule mtaa wa Malaz. Nikaenda. Nilimwachia Mzee mchele, mafuta na feni. Akanisindikiza hadi barabarani na kuniambia, “Nenda. Upepo ukikaa ndani unageuka harufu.”

Kuanzia hapo nilimjua kwa simu. Walikuwa wamebaki wachache kambini. Umeme ulirudi chumba kimoja kwa hisani ya jirani. Watu wa msikiti wa karibu waliwaletea chakula, na Askari, ambaye alikuwa mkali kwa Waislamu katika mahubiri yake, sasa ndiye aliyesimama getini kupokea sufuria na kusema shukran kwa unyenyekevu wote. Mzee alisema wamekuwa kama wale ndege wa magenge: mmoja akisogea, mwingine anaanguka.

Nilimwona mara ya mwisho Batha, mtaa wa masoko hapo Riyadh. Ilikuwa Januari, na wasioijua Riyadh hawaamini kwamba Januari yake inauma. Upepo ulikuwa unatoka jangwani mkavu, watu wamejifunika mablanketi sokoni. Nilimtambua kwa jaketi. Tangu nimjue, ilikuwa mara ya kwanza kumwona amelifunga hadi kidevuni mbali na friza, na limepata kazi. Ndani yake yeye alikuwa amepungua.

Alikuja kwa gari la mtu binafsi, lile linalokusanya abiria bila kuuliza karatasi, akiomba Mungu kwenye kila kizuizi. Kulikuwa na ofisi Riyadh ambayo mtu alimwambia inaweza kumsikiliza. Ilimsikiliza. Ilimwambia arudi Jeddah kungoja.

Tukaingia mkahawa wa Wahabeshi, tukaagiza chai. Nikamuuliza habari ya binti.

“Wamemaliza. Mwezi uliopita.”

“Mahari?”

“Mahari. Wale wazee wamengoja hadi wamechoka, nami ningekuwa wao ningechoka. Walinipigia simu, wakaniweka juu ya meza, ndani ya kikombe ili sauti itoke vizuri. Nikawa naongea ndani ya kikombe, Upepo.” Alicheka kidogo. “Nikasalimu, nikasema jina la mama yake, nikaanza kubariki. Katikati ya baraka, mtandao ukakatika. Nilipopata tena, nikasikia sauti ya mdogo wangu anamalizia. Alikuwa amekalia kiti. Na alibariki vizuri, sitadanganya. Vizuri kuliko mimi.”

Nilimsukumia sukari.

Nje, dereva wake alikuwa anazunguka akiita abiria wa kurudi. Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili, mvuke ukapanda ukaifanya miwani yake maziwa, na hakuifuta. Aliongea akiwa nyuma ya ule weupe.

“Wewe huwezi kuona jambo bila kulichokonoa. Wale kulungu wangu. Najua ulitafuta, miaka ile. Uliingia sebuleni na uso wa mtu mwenye habari, ukaniuliza kamba.”

“Nilitafuta.”

“Mwisho wao ulikuwaje? Wapo?”

Nilitazama mlango. Nilitazama chai. Ningeweza kumwambia juu ya theluji na mwamba uliolambwa ukabaki mtupu. Alikuwa na haki nayo kuliko mtu yeyote. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukatoa neno la ghalani.

“Ni hai, Mzee.”

Miwani ilikuwa inarudi polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, na macho yake yakatokea yakiwa yananitazama mdomo.

“Jeddah, Jeddah! Yalla, ya hajj!” dereva aliita.

Nilimsindikiza hadi garini. Wakambana kiti cha nyuma kati ya Wasudani wawili waliojifunika shuka hadi puani. Niliinama kumpa mkono, akaushika kwa glavu yake ya friza, yenye kidole kilichoshonwa, na hakuuachia mara moja.

“Upepo. Hilo neno ulilosema pale ndani. Ni moja, au ni mawili?”

“Mawili,” nikasema.

Lakini dereva alikuwa ameshaanza kupandisha kioo, kwa sababu ya baridi, na sijui kama alisikia.